Moramu, chekeche na bonsai: cha kupandia ukiwa Arusha au Moshi

Anayeanza bonsai, yaani kukuza mti mdogo kwenye chungu kifupi, hapa Arusha ataangalia video za Wajapani wiki nzima, kisha atauliza swali lilelile: akadama, ule udongo wao wa kupandia, naipata wapi? Ninamjibu aachane nayo. Kuagiza magunia ya udongo kutoka ng'ambo ni kulipia nauli ya uzito. Na hao Wajapani wanaitumia kwa sababu wanaichimba kwao. Akadama inatoka mkoa wa Tochigi, kaskazini ya Tokyo, na ni udongo uliotokana na majivu ya volkano. Kanuma, ile ya manjano wanayopandia azalea, imechukua jina la mji wa Kanuma, mkoa huohuo. Walichukua kilicho karibu, wakakausha, wakachekecha, wakapanda.

Sasa sisi tunakaa chini ya Meru, mlima uliotoa volkano mara ya mwisho mwaka 1910, na wenzetu wa Moshi wako chini ya Kilimanjaro. Mawe ya volkano tunayamwaga barabarani, tunayafyatulia tofali, tunayafukia kwenye mashimo ya ua. Halafu tunauliza akadama inauzwa duka gani.

Kabla sijafika kwenye mawe yenyewe, kuna jambo moja lazima lieleweke, vinginevyo utabadilisha michanganyiko kila mwaka na miti itaendelea kufa. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Iloweshe mpaka ishibe, kisha ishike ikiwa imelala kama sinia. Itadondosha maji kidogo, halafu itaacha. Usiikamue. Isimamishe wima tu. Maji yataanza tena kutoka, na mengi. Sponji haijabadilika, kilichobadilika ni kimo.

Udongo kwenye chungu unafanya vivyo hivyo. Ukishamwagilia na maji ya ziada yakatoka, chini kabisa kunabaki tabaka lililojaa maji, halina hewa. Unene wa tabaka hilo unategemea ukubwa wa punje. Kina cha chungu hakihusiki. Udongo laini unashika maji sentimita kadhaa kutoka chini. Kwenye ndoo ya lita 20 hilo si tatizo, juu kuna nafasi ya kutosha kwa mizizi kupumua. Kwenye chungu cha bonsai chenye kina cha sentimita 5, hizo sentimita kadhaa ndizo chungu chote. Ndiyo maana udongo uleule unaokupa mchicha mzuri uani unaozesha mizizi ya mtini mezani. Udongo hauna kosa, chungu ni kifupi.

Hapohapo unaona kwa nini ile desturi ya kuweka kokoto chini "ili maji yapite" haisaidii. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto kubwa. Yanasimama juu ya kokoto. Umechukua chungu kilichokuwa kifupi, ukakifanya kifupi zaidi. Weka wavu kwenye matundu, basi.

Kwa hiyo mimi huangalia punje kwanza, aina ya kitu baadaye. Kwa chungu cha kawaida, punje za kati ya milimita 3 na 6. Kwa vile vyungu vidogo vya kushika kiganjani, 2 hadi 4, maana vinakauka haraka mno. Chochote chini ya milimita 2 kinatoka. Hiyo vumbi ndiyo inayoziba nafasi zote ulizozihangaikia. Mtu anaweza kuwa na moramu bora kabisa, akaipanda na vumbi lake, akapata zege.

Moramu ninayoisema ni hii ya kwetu, jiwe jepesi lenye vitundu, jekundu au jeusi, lililotemwa na volkano likiwa limejaa gesi. Mikoa mingine wakisema moramu wanamaanisha changarawe ya udongo mwekundu ya kushindilia barabara. Hiyo haitufai. Ukitaka kuwa na uhakika, vunja punje kubwa kwa nyundo: ndani uone vitundu kama vya mkate, siyo udongo ulioshikana.

Usiende kununua lori. Nenda kwenye yadi wanayofyatua tofali, wana rundo lao, na pembeni kuna chenga ambazo wanaziona kubwa au ndogo kuliko wanavyotaka. Mimi nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye toroli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unajenga?"

"Hapana, napandia miti. Nataka viroba viwili tu, vya hizi za ukubwa wa punje ya mahindi."

Akaniangalia kidogo. "Miti hiyo inakula mawe?" Lakini akanichagulia rundo lililokuwa kavu, akanionyesha na lililochanganyika na udongo wa juu, akaniambia lile usichukue, linakuwa tope mvua ikinyesha. Fundi wa tofali anajua usafi wa moramu kuliko muuza maua. Tofali yenye udongo inapasuka, na yeye ndiye anayelaumiwa.

Ukifika nyumbani, loweka konzi moja kwenye bakuli la maji ya mvua, usiku mzima. Asubuhi chuja yale maji kwenye sahani nyeusi, yaache yakauke juani. Ukibaki utando mweupe unaoonekana wazi, kuna chumvi au magadi humo. Suuza mara kadhaa na ujaribu tena, na kama bado, tafuta rundo lingine. Kwa sababu hiyohiyo sichukui majivu wala mawe ya upande wa Oldonyo Lengai hata nikipewa bure. Lava ya mlima ule imejaa magadi, na tabia yake haifanani na ya volkano nyingine yoyote inayotoa moto leo.

Halafu chekeche. Unahitaji mbili. Ya juu iwe wavu wa kuanikia kahawa, unapatikana kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Arusha na Moshi. Nenda na rula, pima tundu, chagua linalokaribia milimita 6. Ya chini iwe wavu wa mbu wa dirishani, ule wa chuma. Tundu zake ni ndogo, unatoa vumbi tu, na kinachobaki bado kina chenga za milimita 1 hadi 2 za kutoa kwa wavu mwingine, kama utaupata wa tundu kubwa kidogo. Usipoupata, suuza kwenye beseni: chenga ndogo na tope hutangulia na maji, unamwaga, unarudia mpaka maji yawe safi. Fremu gonga mwenyewe kwa mbao za mabanzi. Nyunyizia moramu maji kidogo kabla ya kuchekecha na uvae barakoa, kwa sababu vumbi la mawe si kitu cha kuvuta kifuani kila Jumamosi.

Gunia likishachekechwa, nusu au zaidi linaweza kwenda chini kama vumbi. Usilalamike. Lile vumbi fundi wako atalipokea.

Pumisi ni bora kuliko moramu pale unapoipata. Ni lile jiwe la kusugulia visigino, jepesi kiasi cha kuelea. Linashika maji mengi zaidi ndani ya vitundu vyake na bado linaacha hewa kati ya punje. Watu wa Moshi wana nafasi nzuri upande huu. Pozolana inayochimbwa Holili, kule Rombo, ambayo viwanda vya saruji wanaihitaji, ni ukoo huohuo wa mawe ya volkano. Ila angalia unachopewa. Pozolana iliyokwisha sagwa ni unga, na unga tumeshausema.

Tatizo la moramu peke yake ni kwamba haishiki mbolea. Maji yanapita, na chakula kinapita nayo. Akadama ina ubora hapo, kwa sababu ni aina ya mfinyanzi, na mfinyanzi hushika virutubisho. Badala yake mimi natumia tofali la kuchoma lililopondwa. Siyo kila tofali. Chukua kipande, kitumbukize kwenye kopo la maji, kiache mpaka kesho yake, kisha kibonyeze kwa vidole. Kikigeuka tope, hakikuiva, na kitarudi kuwa mfinyanzi ndani ya chungu chako. Kikibaki kigumu na bado unaona kimenyonya maji, hicho ndicho. Tofali za katikati ya tanuri ndizo zinazoiva vizuri. Za pembeni mara nyingi ni udongo uliopakwa moshi. Zile zilizoungua mpaka zikang'aa kama kioo nazo hazinyonyi chochote, ziache.

Kupondaponda tofali ni kazi ya kuudhi, na vumbi lake ni baya kuliko la moramu. Kama huna subira, ongeza mkaa. Chenga za mkaa chini ya gunia, ambazo muuza mkaa anazifagia, ukizichekecha kwa wavu uleule unapata punje nzuri, nyepesi, zinazodumu miaka. Waulize tu kama hazijamwagiwa mafuta ya taa.

Kwa upande wa vitu vya shambani, ninachokipenda ni maganda ya mpunga yaliyochomwa. Moshi hayana shida, mashine za kukoboa za upande wa Chekereni na Mabogini, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, zina milima yake. Washa moto mdogo, funika na maganda, na chungulia rangi. Yakishakuwa meusi yote, mwagia maji hapohapo. Ukisubiri yageuke meupe umeshapata majivu, na majivu yanapandisha alkali, kitu ambacho huku tayari tunacho cha kutosha. Maganda ya kahawa yasiyooza usiyaweke. Yanapoozea ndani ya chungu yanakula naitrojeni ambayo mti ungeila. Yakishaoza mpaka yanukie kama udongo wa mvua, sawa, kidogo.

Samadi? Hapana. Najua kila bibi wa kitalu atakuambia weka samadi. Kwenye shimo la migomba iko sawa kabisa. Kwenye chungu kifupi inavunjikavunjika kuwa tope ndani ya msimu mmoja, na mara nyingi inakuja na funza weupe, wale wa mende wa samadi, wanaotafuna mizizi usiku huku wewe unalaumu jua. Udongo wa msituni nao usinunue. Ni laini mno kwa kazi hii, na msitu wa Kilimanjaro uko ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo aliyeuchota hakuruhusiwa.

Viwango sasa. Hapa watu wanataka namba kama za keki, na mimi nasita kuzitoa kwa sababu Arusha na Moshi si mahali pamoja. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai unavaa koti, chungu kinakaa na unyevu siku mbili. Moshi mjini wako chini sana kuliko sisi, na Februari jua lao linakausha chungu kabla ya adhuhuri. Mchanganyiko ninaoutumia Arusha ni sado tatu za moramu au pumisi, sado moja ya tofali, na nusu sado ya maganda ya mpunga yaliyochomwa au mkaa. Ningekuwa Moshi ningepunguza moramu iwe sado mbili, niongeze tofali zifike mbili, na mahali pa moramu niweke pumisi kila ninapoweza. Ukiwa Marangu au Kibosho, juu kwenye ukungu, rudi kwenye ule wa Arusha, hata toa maganda kabisa.

Mti nao una neno lake. Mtini na mkuyu hawana maringo, wataishi karibu kwenye chochote chenye hewa. Mkwaju unapenda unyevu wa kiasi na hewa nyingi. Bogenvilia ikishiba maji inatoa majani tu, maua huoni, kwa hiyo iwe na njaa ya maji kidogo. Mbuyu na adeniamu, lile waridi la jangwani, ni karibu moramu tupu, na chungu kikauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Mtarakwa, mwerezi wetu wa milimani, unataka punje kubwa kidogo na haupendi kabisa tofali nyingi. Loirien, mzeituni mwitu, ni mti wa mawe tangu kuzaliwa, na shina lake hunenepa vizuri. Kwa maoni yangu ndio mti wa bonsai wa ukanda huu, ingawa kila mtu anakimbilia mtini wa kigeni.

Ukitaka kupima mchanganyiko wako badala ya kuniamini, tumia chungu chenyewe utakachopandia. Ziba matundu kwa utepe wa gundi, jaza maji mpaka ukingoni ukihesabu vikombe: huo ndio ujazo. Mwaga, kausha, jaza mchanganyiko uliokwisha loweshwa, mwagia taratibu mpaka maji yaonekane juu. Weka beseni chini, zibua matundu, subiri mpaka yaache kudondoka. Maji yaliyotoka ndiyo nafasi ya hewa. Kama chungu kilichukua vikombe kumi na vimetoka viwili au zaidi, uko vizuri. Kikitoka kimoja au nusu, rudi kwenye chekeche.

Maji yenyewe yanastahili neno. Vyanzo vingi kuzunguka Meru vina floraidi nyingi, meno ya kahawia ya wenyeji ni ushahidi tosha, na maji hayo mara nyingi yana alkali. Miti mingi haijali floraidi. Jamii ya masale ndiyo inayoungua ncha za majani. Lakini alkali ikirundikana mwaka mzima utaona ukoko mweupe mdomoni mwa chungu, na majani mapya yakitoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mti unakosa chuma, na mbolea ya kawaida haiponyi hilo. Kinga maji ya paa wakati wa masika, weka simtanki hata dogo, na miezi mingine mwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini, ili yaondoke na chumvi. Kumwagilia kikombe kimojakimoja kwa huruma kunairundika.

Kwa kuwa mawe hayana chakula, mbolea ni wajibu. Wajapani huweka vidonge vya mashudu ya mbegu juu ya udongo. Sisi tuna mashudu ya alizeti kila penye mashine ya kukamua. Yaloweshe, yafinyange vidonge vya ukubwa wa gololi, yakauke, uweke vichache kuzunguka ukingo wa chungu. Yananuka siku za mwanzo, na kuku wa jirani watayafuata, kwa hiyo funika kwa kipande cha wavu. Ukitumia NPK ya kuyeyusha, tumia nusu ya kipimo cha pakiti, mara mbili zaidi. Urea iache kwenye mahindi.

Masika ya Aprili ikikaza siku nyingi mfululizo, huna haja ya kuingiza miti ndani. Egemeza chungu: weka jiwe chini ya upande mmoja kiinuke. Umekumbuka sponji? Chungu kilichoinama kina kimo kirefu zaidi, na maji ya ziada yanatoka upande wa chini. Mvua ikikata, toa jiwe.

Kuhamisha mti kutoka kwenye udongo wa kitalu ndiko watu wanakoharibu mchanganyiko mzuri. Mche wa kitalu unakuja na donge la mfinyanzi mweusi katikati ya mizizi. Ukilipachika donge hilo katikati ya moramu, maji yatapita pembeni penye mawe na donge litabaki kavu kama tofali, au litalowa na lisikauke. Mtini unaweza kuusafisha wote kwa maji na kijiti, ukaosha mpaka mizizi ionekane, hasa miezi ya joto kuanzia Septemba. Loirien na mtarakwa usifanye hivyo. Kata donge katikati kama mkate, safisha upande mmoja, jaza mchanganyiko mpya, uache upande wa pili na udongo wake. Upande huo utauondoa mwaka unaofuata au baada yake, mti ukishaonyesha machipukizi yenye nguvu.

Na ufunge. Punje hazikumbatii mizizi kama udongo, mti unayumba na upepo, na kila unapoyumba vinywele vipya vya mizizi vinakatika. Pitisha waya kwenye matundu ya chini kabla ya kuupanda, uuzungushe juu ya mizizi minene, uukaze kwa koleo, na uweke kipande cha mpira wa baiskeli pale waya unapogusa gome. Choma punje kwa kijiti mpaka ziingie chini ya shina, pasibaki pango. Baada ya miezi kadhaa shika shina, uinue taratibu. Chungu kikiinuka pamoja nalo, kata waya.